Jambo Gani Tulichague?

Mtu akisikia kwamba wanafunzi wa chuo kikuu wamepewa kazi ya kuandika, hudhani ya kuwa taabu yao iko katika kuandika. Sivyo. Taabu ya kwanza ni kuchagua. Profesa wetu wa somo la kufikiri na kupima maneno alituambia machache tu: «Chagueni jambo moja la afya ambalo watu wanabishana juu yake. Semeni wanaolikubali wana hoja gani, na wanaolikataa wana hoja gani. Halafu pimeni wenyewe.» Akatupa majuma matatu na kurasa kumi, akafunga mfuko wake, akaenda zake.

Sisi tunaoandika haya ni katekista. Tulilelewa katika seminari ndogo, tukasoma falsafa katika seminari kubwa, kisha tukaona kwamba njia yetu ni nyingine. Tukaoa, tukapewa kazi ya kufundisha katekisimo katika parokia moja ya upande wa Uvira. Na sasa, tukiwa tumepita miaka thelathini, twasoma tena Ijumaa jioni na Jumamosi, pamoja na vijana ambao tungeweza kuwafundisha Komunyo ya kwanza. Wanatuita «Papa Mwalimu». Jina hilo latuchekesha, maana katika somo la hesabu wao ndio wanaotufundisha.

Kila mtu alipaswa kuandika yake, lakini tulishauriana watu watano chini ya mwembe ulio nyuma ya madarasa. Kijana mmoja alitaka kuandika juu ya tumbaku. Tukamwuliza: «Nani anabishana?» Tangu mwaka 1950, Doll na Hill walipoonyesha kule Uingereza kwamba wavutaji ndio wanaopata saratani ya mapafu kupita wengine, mabishano ya kweli yalikwisha polepole, na waliobaki wakibisha walikuwa wauzaji. Mzani wenye sahani moja tupu haupimi kitu. Kijana akacheka, akalifuta jambo lake.

Wa pili, mwalimu wa shule ya msingi, alitaka uzazi wa mpango. Hapo wote walitugeukia sisi wakingoja katekista akasirike! Hatukukasirika. Tulisema tu kwamba ndani ya jambo hilo mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja kama kuni. La kwanza: dawa fulani inafanya nini katika mwili wa mwanamke? La pili: je, ni halali kuitumia? La kwanza hupimwa kwa kuhesabu na kuchungua. La pili hupimwa kwa dhamiri na sheria ya Mungu. Anayeyachanganya hujibu la kwanza kwa hoja za la pili, au la pili kwa hoja za la kwanza, wala hafiki. Profesa aliuliza la kwanza. La pili tunalifundisha mahali pake, nasi hatukuona sababu ya kulihamishia kwenye karatasi ya kupewa alama. Mwalimu yule alikubali, akachagua chumvi na ugonjwa wa damu kupanda.

Dada mmoja muuguzi alikuja na chai ya artemisia. Hilo lilikuwa jambo jema kweli, na twamsifu. Watu wengi wa Kivu na Maniema wamepanda mmea huo nyuma ya nyumba, wanaunywa kwa malaria. Mwaka 2015 Bibi Tu Youyou wa China alipewa tuzo la Nobel kwa kuwa alitoa katika mmea huo dawa ya artemisinini. Basi watu husema: kama dawa imo ndani ya jani, kwa nini tusinywe jani? Shirika la Afya la Ulimwengu hujibu kwamba halishauri chai hiyo, maana kiasi cha dawa kilichomo katika kikombe hakijulikani, hubadilika toka bustani hata bustani; na dawa pungufu yaweza kuvifundisha vijidudu vya malaria kuizoea. Pande zote mbili zina maneno ya kusikilizwa. Dada akalichukua, nasi tukamwachia.

Wa nne alikuwa kijana wa Butembo. Tulidhani atachagua chanjo ya Ebola, kwa sababu ugonjwa ule uliotangazwa tarehe 1 Agosti 1978... la, 2018 (kalamu yetu hupenda miaka ya zamani), ukaisha Juni 2020, ulipita kwao. Ulishika watu 3,470, ukaua 2,287. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na huku wengine wakichoma vituo vya matibabu kwa mawe na moto. Mabishano makubwa kuliko hayo ni yapi? Lakini yeye alitikisa kichwa. «Mimi nilizika,» alisema. «Siwezi kushika mzani.» Hatukumwuliza zaidi. Aliandika juu ya maji ya chupa na maji ya bomba.

Tukabaki sisi. Na jambo letu halikutoka chini ya mwembe, lilitoka mtaani kwetu.

Wiki ile ile walipita watu wa chanjo ya polio, nyumba kwa nyumba, na kisanduku chao cha barafu na chaki ya kuandika mlangoni. Jirani yetu mmoja, fundi wa baiskeli, baba wa watoto watano ambao watatu bado hawajafika miaka mitano, aliufunga mlango wake. Si mtu mkali. Ni mkristu wa kanisani, hulipa zaka yake, husoma sana kuliko wengi wetu. Jioni tulipokwenda kumsalimu alituambia kwa upole: «Papa Mwalimu, ile dawa ya mdomo ndiyo iliyoleta sida. Hapa hapa kwetu, katika bonde la Ruzizi, wakati wa Wabelgiji. Sikulisikia kwa walevi. Wazungu wenyewe waliliandika kitabuni.»

Jambo lililotuuma ni hili: kwamba Wazungu waliliandika kitabuni ni kweli tupu. Mtu wa namna hii humwambii «acha uzushi» ukaenda zako. Ana kitabu. Na watoto wake watatu wanakunywa maji ya mto ule ule tunaokunywa sote, na polio hupita kwa maji na mikono michafu.

Basi tukachagua: Je, dawa ya polio iliyotolewa Kongo miaka ya 1957 hata 1960 ndiyo iliyoleta sida?

Wenzetu wawili walituonya. Mmoja alisema kwamba jambo hilo limekwisha amuliwa, kwa hiyo ni kama tumbaku. Tukamjibu kwamba kwa wataalamu limeamuliwa, lakini mlangoni pa fundi baiskeli halijaamuliwa. Tena liliamuliwa kwa kazi ndefu ambayo mtu aweza kuifuata hatua kwa hatua, akaona wapi ingeweza kwenda upande mwingine. Hilo ndilo tulilolipenda. Mabishano mengi ya afya hayana mahali pa kuthibitika kuwa ya uongo: kila ukijibu, mwenzako ahamisha mlingoti. Hili lilisema mahali, mwaka, mnyama na dawa. Kitu kilichosema mambo manne kama hayo kimetoa shingo yake.

Mwingine alisema: «Utawaamsha waliolala. Wasiokuwa na habari hiyo wataipata kwako.» Onyo hilo lilikuwa zito zaidi, na tulilala nalo usiku mmoja. Lakini habari ilikuwa imekwisha lala nyumbani mwa watu kabla yetu. Redio inaisema, simu za mkononi zinaisema.

Katika seminari tulizoezwa mtindo wa Mtakatifu Thoma: kabla ya kusema lako, andika kwanza hoja za wanaokupinga, moja moja, na kwa nguvu zake zote. Padri mlezi wetu alikuwa akirudisha karatasi bila kuisoma mpaka mwisho, akiona kwamba mpinzani amevalishwa matambara ili apigwe kwa urahisi. Basi tulianza hivyo, upande wa fundi baiskeli.

Mganga Hilary Koprowski, mzaliwa wa Poland aliyehamia Marekani, ndiye aliyempa mtoto wa kwanza dawa ya polio ya kumeza yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, mwaka 1950. Kuanzia 1957 dawa yake ililetwa Kongo ya Wabelgiji. Ilianza upande wa Aketi. Mwaka 1958 ikamiminwa katika vinywa vya watu zaidi ya 200,000 wa bonde la Ruzizi, kwa majuma machache. Kisha watoto wa Léopoldville. Wakati ule ule, karibu na Stanleyville, mahali paitwapo Lindi, mganga Courtois na wenzake walikuwa na kambi ya sokwe. Mamia ya sokwe walipita pale, wakajaribiwa dawa, wengi wakafa au wakauawa. Hayo yote si uvumi; waganga wenyewe waliyaandika.

Sasa, dawa ya polio hukuzwa ndani ya chembe za figo za nyani. Na virusi vya sida vilivyoenea duniani vinatoka kwa sokwe, jambo ambalo hakuna mtaalamu anayelibisha leo. Basi mtu aliuliza: je, zilitumika figo za sokwe wa Lindi? Swali hilo lilichapwa katika gazeti la Marekani, Rolling Stone, mwaka 1992. Koprowski akalishtaki, na mwaka 1993 gazeti likatoa maelezo ya kujisahihisha. Mwaka 1999 Mwingereza Edward Hooper akatoa kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000, kiitwacho The River, alichokifanyia kazi kwa miaka mingi, akipita Kongo, Burundi na Rwanda akihoji wazee. Alionyesha kwamba mahali dawa ilipotolewa na mahali pa wagonjwa wa kwanza wa sida panakaribiana.

Tena kuna jambo lingine linalotia nguvu upande huo, na wengi wanaojibu hulinyamazia. Dawa za polio za miaka ya 1955 hata 1963 ziliwahi kuchafuliwa kweli na virusi vya nyani. Viliitwa SV40, viligunduliwa mwaka 1960, na mamilioni ya watu huko Marekani na kwingine walikuwa wamekwisha kuvipata. Basi mtu akisema «haiwezekani virusi vya mnyama kuingia katika chanjo», amesema uongo. Iliwezekana, na ilitokea. Swali ni kama ilitokea kwetu, kwa virusi hivi.

Tulipomaliza sehemu hiyo tuliisoma chini ya mwembe. Kijana wa tumbaku akasema: «Papa Mwalimu, umekwisha shinda, hakuna haja ya kuendelea.» Tukafurahi, maana ndivyo tulivyotaka isikike.

Upande wa pili, tazameni jinsi watu walivyofanya kazi. Mtaalamu wa viumbe William Hamilton, Mwingereza mwenye sifa kubwa, aliona kwamba wenzake wanamcheka Hooper bila kumchungua. Mwanzoni mwa mwaka 2000 alikuja Kongo mwenyewe, wakati wa vita, akaingia msituni upande wa Kisangani kuokota mavi ya sokwe ili yatafutwe virusi ndani yake. Alirudi kwao akiumwa malaria, akafa London mwezi wa Machi mwaka huo huo. Mtu aliyekuwa na heshima zote za chuo alikufa kwa sababu alitaka swali la Hooper lipate jibu, si kwa sababu alijua jibu. Kijana aliyefuatana naye, Michael Worobey, aliendelea na kazi.

Septemba 2000 Royal Society ya London iliwakutanisha wote, Hooper na Koprowski katika nyumba moja. Chupa zilizobaki za dawa ile zilipelekwa katika maabara mbalimbali zisizotegemeana. Hazikuonekana virusi vya sida wala vya sokwe. Wala chembe za sokwe hazikuonekana, bali za nyani wa Asia, kama watengenezaji walivyokuwa wakisema. Hooper akajibu kwamba chupa hizo si zote; labda dawa iliyotolewa Kongo ilitengenezwa Kongo. Jibu hilo lilikuwa la haki. Kama yangekuwa hayo tu, shauri lingebaki wazi.

Lakini kulikuwa na mashahidi wengine wawili ambao hawakutegemea chupa.

Shahidi wa kwanza ni ukoo. Virusi hubadilika kidogo kidogo kadiri vinavyozaana, kama lugha zinavyobadilika. Msomaji wa Uvira ajua kwamba Kifuliiru na Kivira zinafanana hata mgeni hasikii tofauti. Bila kuambiwa historia, atajua kwamba ni watoto wa nyumba moja walioachana juzi. Kifuliiru na Lingala ni ndugu pia, lakini wa mbali. Ndivyo wataalamu wanavyosoma virusi. Mwaka 2004 Worobey na wenzake walitangaza kwamba wameviona virusi katika sokwe wa upande wa Kisangani, wale wale ambao kambi ya Lindi iliwachukua. Vilikuwa ndugu wa mbali wa virusi vya watu, si wazazi wake. Mwaka 2006 wazazi walionekana: sokwe wa kusini mashariki ya Kameruni. Sokwe hao hawakuwa wa Lindi.

Shahidi wa pili ni wakati. Kama unajua lugha hubadilisha maneno mangapi kwa miaka mia, waweza kukisia zilitengana lini. Katika Kinshasa zilibaki damu ya mtu mmoja ya mwaka 1959 na kipande cha nyama ya mwanamke mmoja cha mwaka 1960, vyote viwili vyenye virusi. Virusi hivyo viwili vilikuwa vimekwisha achana sana. Kama vingetoka katika dawa ya 1957, vingefanana kama mapacha. Kwa kuvilinganisha, mwaka 2008 walikisia kwamba babu yao aliishi karibu mwaka 1908, au katikati ya 1884 na 1924. Kazi nyingine ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba ugonjwa ulianza kuenea Kinshasa karibu na 1920, ukapanda treni, ukafika Lubumbashi na Mbuji-Mayi kabla ya 1940. Mwisho wa miaka ya 1940 watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka walikuwa wakipita Kinshasa kwa reli.

Basi ugonjwa ulikuwa umekwisha tembea nchini miaka 30 na zaidi kabla Koprowski hajaleta chupa yake. Hapo shauri la dawa ya mdomo limekatika. Hatusemi «labda». Tuliandika hivyo, na kuweka nukta.

Tungeweza kuacha papo hapo. Kurasa zilikuwa zimefika saba. Lakini wakati ule tulikwenda kumwona mama mmoja mzee katika bonde, mwenye miaka zaidi ya sabini, aliyeinywa dawa ile mwaka 1958 akiwa mtoto. Tulimwuliza alikumbuka nini. Hakukumbuka ladha yake. Alikumbuka mstari mrefu, jua, na capita wa kijiji akipiga kelele kwamba atakayekosa atalipa. «Walituambia ya nini?» alisema. «Mwanangu, nani alimwambia mtoto mweusi kitu wakati ule? Hata baba yangu hawakumwambia. Ulifungua kinywa.» Halafu akaongeza: «Dawa ya mdomo haikuniudhi. Mimi naogopa sindano. Sindano moja ilipita kwa kijiji kizima.»

Neno hilo lilitufanya tuandike kurasa tatu za mwisho upya, na twasadiki ndizo zenye maana kuliko zote.

Maana kuhusu sindano, mama mzee hana uzushi. Jacques Pépin, mganga wa Kanada aliyefanya kazi katika hospitali ya Nioki miaka ya 1980, alitoa kitabu mwaka 2011 ambamo anaeleza kwamba kampeni za wakati wa ukoloni, za malale, buba na kaswende, zilitumia sindano zile zile kwa watu wengi bila kuzichemsha vya kutosha. Na kwamba yawezekana sana sindano hizo ziliusaidia ugonjwa wa sida kutoka kwa watu wachache hata wengi. Hilo halijathibitishwa kama lile la ukoo wa sokwe. Lakini wazee wa Kameruni na kwingine waliopitiwa na kampeni hizo wengi walikutwa na ugonjwa wa ini wa hepatiti C, ambao hupita kwa damu; na hilo linasema kitu.

Mwaka 1954, katika Kameruni ya Wafaransa, watu walichomwa sindano ya Lomidine ya kuzuia malale, dawa iliyokuwa imechafuka, wakaoza nyama, na wengine wakafa. Dawa hiyo hiyo ilitumika sana katika Kongo ya Wabelgiji pia. Baadaye ilijulikana kwamba haikuzuia malale kama ilivyodhaniwa. Na wachumi wawili, Sara Lowes na Eduardo Montero, walionyesha mwaka 2021 kwamba katika nchi za Wafaransa za Afrika ya Kati, mahali zilipopita kampeni hizo mara nyingi zaidi, ndipo watu leo wanapokataa zaidi kutolewa damu, na watoto wanapochanjwa kidogo zaidi. Wajukuu hawajui jina la dawa, lakini mkono wao wajua.

Wala sisi watu wa misioni tusijifiche. Mwaka 1976, Ebola ilipotokea mara ya kwanza Yambuku, ilikuwa katika hospitali ya misioni. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano kwa wagonjwa wote wa nje, zikisuuzwa tu katikati ya mtu na mtu. Wagonjwa walikuwa 318, wakafa 280, na masista pamoja nao. Waliwapenda wagonjwa wao hata kufa. Na sindano ilikuwa ile ile moja. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja, na atakayetaja moja tu hajaisimulia Yambuku.

Tena tuliandika jambo moja juu ya dawa ya mdomo ya leo, kwa sababu fundi baiskeli angelijua siku moja na kutuita waongo. Virusi vilivyodhoofishwa vya dawa hiyo, vikizunguka muda mrefu mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, vyaweza kubadilika na kupata nguvu tena ya kulemaza. Polio ya asili bara la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena mwezi wa Agosti 2020. Lakini mwaka 2022 mamia ya watoto wa Kongo walilemaa kwa virusi vilivyotoka katika dawa. Ndiyo maana tangu 2021 inatumika dawa mpya iliyofanywa isigeuke kwa urahisi. Na tazameni jinsi jambo hili lilivyo: virusi hivyo huwapata hasa watoto waliokosa dawa. Mlango uliofungwa hauvizuii, huvilisha.

Tukatoa karatasi yetu kwa Kifaransa, kama ilivyotakiwa. Kisha tukaiandika tena kwa Kiswahili, kurasa nne, tukampelekea fundi baiskeli. Hakuisoma mbele yetu. Siku tatu zikapita bila yeye kupita kwetu, hata tukadhani amechukia. Siku ya nne alikuja, amekunja karatasi katika mfuko wa shati, na mafuta ya mnyororo yameichafua pembeni.

«Miaka hii,» alisema, akiweka kidole chini ya 1908 na 1920 na 1957. «Kama ni hivyo, ugonjwa ulikuja kwanza.» Tukasema ndivyo. Akanyamaza. «Na hapa mmeandika wenyewe juu ya sindano. Basi wazee wetu hawakuwa waongo.» Tukasema: «Hapana, Papa. Hawakuwa waongo.»

Akauliza kama dawa ya polio ya watu wa chaki ina sindano. Haina, ni matone mawili. Akauliza juu ya surua, ambayo ina sindano. Tukamwita dada muuguzi wa chai ya artemisia, akamweleza kwamba sindano za chanjo za leo hujifunga zenyewe zikiisha kutumika mara moja. Ukijaribu kuvuta dawa tena, haivutiki. Fundi ni mtu wa vyuma. Hakutaka kusikia, alitaka kuishika. Dada alimletea moja iliyokwisha tumika kwa maji tu, akaivuta kwa nguvu zake zote, na haikwenda. Akaitazama kwenye mwanga muda mrefu, akitafuta kile kinachoifunga.

Watu wa chaki walipopita tena, watoto wake wawili wadogo walikunywa matone. Wa tatu, mwenye miaka minne, bado. Mama yake amesema wangoje kwanza kikohozi kipone, na fundi hakutaka kubishana naye. Jumanne iliyofuata alikwenda kwenye kituo cha afya na mtoto mdogo kwa ajili ya surua, akasimama mlangoni pa chumba cha chanjo, akaomba kuona karatasi ya sindano ikipasuliwa mbele yake. Muuguzi aliipasua. Akina mama waliokuwa wakingoja nyuma yake nao wakaomba.